Sindano za Mti kwa Mikono ya Bibi

Odeta mwanangu,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, na wewe uko hapo juu ghorofani, nasikia unavyoburuta begi sakafuni. Kama ni salamu, tulishasalimiana asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni. Lakini leo nimeamua kukuandikia, kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utasema "oke, Mama," utageuka, na mimi nitaanza kulia kabla sijafika kwenye maana. Ukiona mwandiko wangu umelala upande, usimwambie mtu. Huu ni mwandiko wa aliyekuwa wa kwanza kambini mpaka darasa la sita. La saba walikosa mwalimu. Walikosa mwalimu, siyo mimi niliyekosa akili.

Naondoka kwenda kazini jioni hii, na nitakaporudi asubuhi basi lako litakuwa limeshaondoka. Shemasi atakupeleka kituoni. Niliomba ruhusa, msimamizi akasema wawili wanaumwa, hana mtu. Kwa hiyo tutaagana leo mlangoni, mimi nikiwa na viatu vya kazi, na nitajifanya nina haraka. Usinikasirikie. Nikisimama sana pale mlangoni sitaondoka, na wewe pia hutaondoka.

Habari za nguo nzito, za dawa za Bibi, za nani umpigie simu akianguka, hizo sikuandikii. Mjomba wako Dionizi atakuonyesha. Tena wewe una cheti chako cha kuhudumia wagonjwa, ambacho nimekitolea kopi na kuitundika sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima aione kabla hajapata kiti. Yule mama wa kwaya alijifanya haoni. Nikamhamishia kiti.

Nakuandikia juu ya sindano za kufumia. Cheka, halafu uendelee kusoma. Watu wote tunasema unaenda Louisville kumwangalia Bibi yako. Ukweli ni kwamba unaenda kwa ajili ya mikono yake. Tangu ilipoacha kufuma haikai. Inachomoa vifungo vya gauni, inavuta nyuzi za pazia, inakwaruza ngozi mpaka damu. Na mikono isipokaa, na yeye hakai. Dionizi anafanya kazi usiku ghalani, mchana akifumba macho kidogo tu, mama ameshatoka nje kutafuta bomba la maji kwenye maegesho ya magari ya apatimenti zao za Highview. Wameshamtajia nyumba ya wazee. Dionizi alinipigia simu. Akasema, "Dada, nikimpeleka kule, nani atajua anaongea nini?" Mama yangu sasa hana Kiswahili tena, wala kile Kiingereza chake cha "haloo." Amebaki na Kirundi peke yake. Wewe unakielewa hata kama unajibu kwa lugha nyingine. Na unajua kufuma. Ndiyo maana ni wewe.

Sasa sikia nilivyojifunza mambo ya sindano, kwa maana niliyajifunza vibaya, na kila mara nilipokosea kuna mtu aliumia.

Bibi alinifundisha kule kambi ya wakimbizi, Kigoma, nikiwa mdogo kuliko mdogo wako Bonifasi. Sindano tungezipata wapi? Tulitumia spoku za baiskeli. Baiskeli ikifa, wanaume waligombania tairi na mnyororo, wanawake waligombania spoku. Bibi alizisugua ncha juu ya jiwe kwa maji na mchanga mpaka zikapita kwenye uzi bila kuunyofoa. Uzi nao tulifumua kutoka kwenye masweta ya mitumba yaliyotoboka. Katika dunia yetu ilikuwepo saizi moja tu ya sindano. Ungeuliza namba, wangekuuliza kama baiskeli zina namba.

Na kwa ile spoku tulikaza. Sweta lililolegea lilipitisha upepo wa mlimani na halikumaliza msimu. Bibi alipitisha kidole chake kwenye kazi yangu, kikiingia tu, anafumua yote. "Speso," ananiambia, "unafuma sweta au chandarua?" Watu wote duniani wananiita Spesioza au Mama Odeta. Yeye peke yake ndiye aliyeniita Speso. Nilijifunza kukaza mpaka kidole chake kikashindwa kuingia, akacheka, akanipiga begani, na siku hiyo nilijua mimi ni fundi. Sijawahi kuacha kujua hivyo.

Tulipofika Louisville, kwenye zile apatimenti za Highview, baridi ya kwanza ilitukuta na makoti ya kupewa. Dukani nikaona sufu ambayo sikuwahi kuiota. Uzi mnene, kidogo ufike unene wa penseli, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikasema baba yenu atavaa sweta ambalo hata bosi wake hana. Sindano nilikuwa nazo. Zile spoku za Bibi zilivuka bahari ndani ya begi kubwa, zimefungwa kwenye kanga.

Odeta, uzi ule juu ya spoku ile! Kila kitanzi nilikisukuma kama mtu anayemwinua ng'ombe aliyelala. Vidole vilivimba. Uzi ulipasuka katikati, spoku ikapita ndani yake badala ya kupita ndani ya kitanzi. Mimi sikuuliza mtu. Nikakaza, si ndivyo fundi anavyofanya? Sweta lilipoisha nililiweka juu ya meza likasimama lenyewe. Kweli tupu, lilisimama, mikono imetanuka, kama mtu anayetaka kukumbatiwa.

Baba yenu alilivaa kanisani. Hakuweza kupiga makofi. Dionizi akamzunguka, akamgonga mgongoni kwa kucha, ko ko ko. "Shemeji, umevaa sweta au umeingia ndani yake?"

"Wewe cheka," baba yenu akamjibu. "Baridi ya kwangu ikija, itapiga hodi kwanza."

Alilivaa msimu mzima. Siku moja nikamwona ananyoa ndevu, shingo yote nyekundu, imechubuka pale kola ilipokuwa inasugua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akalifuta povu polepole, akasema, "Ulikuwa unajivuna sana. Niliogopa kukupokonya." Hapo ndipo ningepaswa kujifunza. Sikujifunza. Nilisikia vibaya tu siku mbili tatu, kisha nikamfumia na skafu yake.

Aliyenifungua macho ni Mama Furaha, tulipohamia Columbus kwa ajili ya kazi ya baba yenu, Bibi akabaki Highview na Dionizi kwa sababu alisema amechoka kuhama. Unamkumbuka Mama Furaha, yule Mkongo wa Bukavu wa mlango wa pili, aliyefuma kofia za watoto wachanga na kucheka mpaka ukuta unatikisika. Alilikuta lile sweta kwenye kiti.

"Eh, Mama Odeta, hii ni triko ao ni mlango?"

"Ni sweta la mume wangu."

"Bon. Na yeye angali anapumua?"

Nilinuna, mwanangu. Mimi, niliyefumia nusu ya kambi! Akaleta begi lake la sindano, za chuma, za plastiki, za mti, nyembamba mpaka nene kama kidole gumba. Nikamwambia zile nene ni za wavivu wanaotaka kumaliza haraka. Hakukasirika. Akasema, "Donc mimi ni mvivu. Leta leni yako." Leni ndilo neno lao la sufu. Akaukunja uzi wangu ukawa nyuzi mbili zilizolala pamoja, akauweka juu ya spoku. Spoku ikapotea. Akajaribu sindano moja, nyingine, nyingine, mpaka akafika ile ambayo unene wake ni sawasawa na nyuzi mbili zile. Iliandikwa kumi na moja. "Anzia hapa. Fuma kipande kama kiganja, usifume triko yote. Kikikuwa mbao, panda namba. Kikikuwa wavu, shuka." Kisha akaniuliza ile karatasi inayozunguka uzi dukani naiweka wapi. Natupa, nikamwambia. Kumbe wenye kiwanda wameandika pale namba ya sindano. "Soma, halafu wewe ongeza moja, maana unafinya sana. Mwenye kuandika hakuona mikono yako."

Nilingoja wiki nzima ili asidhani amenifundisha. Ndipo nikanunua zangu za namba kumi na moja, nikawatangazia wanawake wa kanisa kwamba nimegundua jambo. Mama Furaha alikuwa amekaa pale pale. Akanipa peremende. Na mimi nilipokea peremende ya mtu niliyemwibia maneno, nikaila.

Sweta la pili la baba yenu nililifuma kwa namba hiyo. Uzi ule ule mnene, lakini sasa liliangukia mabegani kama maji. Ndilo alilovaa hospitalini. Manesi waliweza kumvua bila kumsumbua, na nilishukuru kwa hilo, kwa sababu wakati ule mikono yake ilikuwa haiinuki tena. Tulimzika nalo. Kesho basi lako litasimama Columbus. Usishuke kwenda makaburini, hakuna nafasi, utaachwa. Wewe futa mvuke kwenye kioo, mwambie tu kwamba unapita na kwamba unaenda kwa mama mkwe wake. Alimpenda sana mama mkwe wake. Walikuwa wanagombana kila siku.

Kuna jingine la Columbus ambalo hatujawahi kulizungumza. Ile skafu yako ya shule. Ulikuwa umeifuma mwenyewe, uzi wa zambarau, sindano zangu namba kumi na moja, na ilikuwa imelegea, mashimo kila mahali. Nikaona aibu uende nayo, watu waseme binti wa fundi anafuma hivi. Ulipolala nikaifumua yote, nikaifuma upya, imenyooka. Asubuhi uliishika, ukaitazama upande huu na upande huu. Ukasema, "Asante, Mama." Siku ya kuhama niliikuta chini ya kitanda. Ukakaa miaka bila kugusa sindano, na mimi nikawa nasema watoto wa Amerika hawapendi kazi za mikono. Odeta, mkono wako ni mlegevu kwa asili, kama wangu unavyokaza kwa asili. Ungehitaji kushuka namba moja au mbili, ushike kumi au tisa, na skafu yako ingetoka nzuri kuliko yangu. Shida ilikuwa sindano, mimi nikadhani ni mtoto. Nilipokukuta mwaka juzi hapa Buffalo umejifunza tena, peke yako, mbele ya simu, nilikaa kwenye ngazi nisikusumbue. Nililia kidogo. Halafu nilipanda nikakwambia unashika uzi vibaya. Nisamehe na hilo.

Hapa Buffalo nimefanya mambo. Mama yako amenunua nyumba West Side. Ni ya mbao, ngazi zinalia, dirisha la nyuma linapitisha theluji, lakini hati ina jina langu peke yangu. Nina leseni ya gari. Mchungaji ana kofia yangu, mke wake ana mbili. Katika hayo yote, sikuweza kumleta mama yangu akae hata msimu mmoja chini ya paa langu. Kwanza alikataa theluji. Kisha mimi nikawa na shifti mbili. Kisha akawa hawezi kusafiri. Ndivyo ilivyokwenda. Ulipokuja jikoni ukasema utakwenda wewe, na kwamba chuo cha unesi kitangoja, nilikufokea mpaka Bonifasi akazima televisheni. Nilisema umri wako siyo wa kufungwa na mgonjwa. Ukanijibu, "Mama, siendi kufungwa. Naenda kwa Bibi."

Sasa nikwambie nilichofanya Pasaka, niliposafiri peke yangu kwenda kumwona. Dionizi hajakusimulia yote, nilimkataza.

Nilinunua sufu bora kuliko zote, nene, nyeupe ya maziwa, laini hata shavuni. Mama yangu alikuwa bado anafuma kidogo kidogo wakati huo, vipande visivyo na mwisho, kwa sindano za plastiki alizopewa na jirani. Nikasema, ngoja nimpelekee kitu kitakachomrudisha. Na nikampelekea zile spoku. Zake mwenyewe, alizozisugua kwenye jiwe. Nilijua kabisa haziendani na uzi ule, mimi wa namba kumi na moja, mimi niliyegundua! Lakini nilijiambia mikono itazitambua, na ikizitambua itanitambua na mimi.

Dionizi alipoziona akasema, "Dada, umemletea mama baiskeli?"

Nikamwambia anyamaze, haelewi.

Bibi alizishika. Kwa kitambo kidogo alizigeuzageuza, na uso wake ukatulia, na mimi moyo ukapaa. Akaanza. Uzi mnene, spoku nyembamba, vidole vya uzee, tena vinavyotetemeka. Kitanzi cha kwanza kilibana. Cha pili kikapasua uzi. Akasukuma, akasukuma, ncha ikamchoma kiganja. Akatoa damu. Aliitazama mikono yake akaanza kulia, siyo kwa sauti, machozi tu yanashuka. Akaniuliza mimi niliyekaa mbele yake, kwa adabu, kama unavyomuuliza mgeni, "Mama, hii mikono ni ya nani? Wamechukua yangu." Kisha akaniuliza, "Hujamwona Speso wangu? Nilimtuma maji, hajarudi."

Nikamwambia nitamtafuta. Ningesema nini?

Tangu siku hiyo hajashika sindano yoyote, hata zile za plastiki. Akioneshwa anaficha mikono chini ya blanketi. Kwa hiyo, mwanangu, ile mikono unayoenda kuirudisha, ni mimi niliyeisimamisha. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unajivunia mimi, na sasa namwelewa baba yako upande wa pili.

Ndani ya begi lako dogo, kwenye soksi yangu ya kijivu, kuna jozi tatu za sindano. Zote za mti. Chuma kinateleza, kitanzi kinakimbia, na mkono unaotetemeka unakimbiza kitanzi mpaka unachoka. Chuma pia ni baridi, na yeye baridi inamkumbusha kitu, sijui nini. Mti unaushika uzi kidogo, unamngoja mtu. Jozi hizo ni namba kumi, kumi na moja, na kumi na tatu. Uzi ni ule ule mweupe wa Pasaka, nimeuosha damu. Ukifuata karatasi, ni kumi. Ukifuata kukunja nyuzi mbili, ni kumi na moja. Ukinifuata mimi ninavyokaza, ni kumi na tatu, maana kumi na mbili hawaitengenezi. Lakini mimi siijui tena mikono ya mama yangu. Zamani ilikaza kuliko yangu. Pengine sasa imelegea kama yako. Utakayeijua ni wewe, ukiiosha, ukiikata kucha, ukiishika akilala. Kaa nayo siku kadhaa kabla hujachagua. Usifanye kama mimi, nilichagua nikiwa bado ndani ya basi.

Na usimpe sindano mkononi. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hili hata Mama Furaha halijui.

Kule kambini tulifumia kwenye foleni ya maji, wanawake wamekaa kwenye madumu. Zamu yako ya bomba ikifika, au mtoto akilia, hukuweka kazi yako chini. Ilikuwa vibaya kazi kulala sindanoni katikati ya mstari. Ulimpa jirani yako, ukasema neno moja, "Nishikie." Yeye aliweka ya kwake mapajani, akakumalizia mstari wako, hata mstari wa pili kama umechelewa. Hata kama mmegombana jana. Mama yangu alikuwa na adui mmoja pale, mwanamke waliyenyimana naye moto, lakini akiambiwa "nishikie" alipokea, akafuma, akarudisha bila kumtazama usoni. Hakuna aliyekataa. Sijawahi kuona aliyekataa.

Kwa hiyo wewe anza mwenyewe. Kaa karibu naye, upande wa kulia, kwa namba utakayochagua. Vitanzi vichache tu, kama kumi na viwili, kitu chembamba kisichomtisha. Fuma siku nzima kama hayupo. Usimwoneshe, usimsifie, usimwimbie. Fanya makosa pia, anapenda kuona makosa. Kisha siku moja, ukiwa katikati ya mstari, simama kama mtu aliyesikia sufuria inafurika. Mwekee kazi mapajani, mwambie kwa Kirundi kile chako cha kuvunjikavunjika neno lile la nishikie, uende jikoni. Na ukifika jikoni usichungulie. Fungua bomba asikie maji.

Akiacha, siyo kosa lako. Badilisha sindano, ngoja, ujaribu siku nyingine. Akivuta uzi wote ukafumuka, mwache afumue, hata kufumua ni kazi ya mikono. Na kama hatashika kamwe, Odeta, kama itabidi ile nyumba ya wazee, nitakuja mwenyewe tumpeleke wote, sitakuachia wewe na mjomba wako. Nimeshamwambia msimamizi. Hakujibu, lakini nimeshamwambia.

Lakini mimi nadhani atashika. Mimi ni mtoto wake, namjua. Atashika kwanza kwa hasira, atasema mtu huyu anafuma chandarua. Atakaza vitanzi vyako viwili vitatu. Atamaliza mstari. Na akishamaliza ataangalia huku na huku atafute mwenye kazi, kwa sababu kazi ya mtu hairudishwi hewani, inarudishwa mkononi. Juzi kwenye simu ya video, ulipopita nyuma yangu na taulo kichwani, ulimwona alivyoinuka kwenye kiti? Hakuniona mimi niliyeshika simu. Alikuona wewe. Una paji langu la uso la zamani. Kwa hiyo najua atakavyoita. Ataita, "Speso! Speso, njoo uchukue kazi yako!"

Usimwambie Speso yuko Buffalo. Usimwambie wewe ni Odeta. Funga bomba, mwanangu, ujifute mikono, uitike.

Mama yako